Wali Mweupe wa Bi Mize

Mzee Shebwana alivisukuma vidonge pembeni. Tumbo lilikuwa limetulia na usiku alilala fofofo, sasa dawa za nini tena?

"Zinaniachia mdomo kama nimelamba msumari," alinung'unika.

"Daktari kasema vya kuua vijidudu uvimalize vyote, na hiki cha kupunguza asidi uendelee nacho," alisema mkewe, Bi Mize. "Ukiacha katikati kidonda kitarudi. Unataka kutapika damu tena?"

"Wewe tumbo lako zima, utajuaje!"

Bi Mize alimpakulia wali mweupe na mchuzi wa maboga, usio na ndimu wala pilipili, naye akajipakulia huo huo. Hodi ikapigwa. Jirani yao, Bi Tatu, akaingia na kibakuli cha achari ya embe.

"Shoga, nimekuletea ugonjwa wako!"

"Rudi nayo, mwenzangu. Mpaka mzee amalize dawa."

"We! Wewe uliyekuwa hupitishi tonge bila pilipili?"

"Nikila mimi, yeye ataitamani. Tutakula sote akipona."

Mzee Shebwana aliitazama sahani ya mkewe, kisha yake. Siku zote hizi alikuwa akilalamika peke yake. Alivivuta vidonge, akavimeza kimoja kimoja huku amekunja uso.

"Ahsante, Mize," alisema.

Kisha akakipokea kibakuli kwa Bi Tatu, akachota achari, akaiweka kando ya wali wa mkewe. Bi Mize akabaki anamtazama, tonge mkononi.