Ulimi wa Tunu

Benki zilikuwa hazitozi tena riba kwa shilingi, zilitoza kwa ladha. Kadi ya mkopo ya riba nafuu ilichukua ladha moja tu ulimini, ya chumvi. Kadi ya zawadi ilizichukua zote, lakini kila mwezi ilileta mchele, mafuta na gesi mpaka mlangoni. Mwanaheri hakusumbuka kufikiri. Tumbo halina ulimi, alisema, akachukua ya zawadi.

"Sasa mboga utaionjaje, mama?" binti yake Tunu aliuliza.

"Ulimi wako upo, nimekuzaa wa nini? Ila wewe usithubutu kuchukua kadi yoyote nikiwa hai."

Tangu hapo walipika wawili. Mama alikoroga, akamdondoshea binti mchuzi kiganjani, naye Tunu akalamba na kutoa hukumu: "Limao bado," au, "Mama, hii bahari!" Mwanaheri mwenyewe alikula kama anayejaza gunia, wala hakuhuzunika.

Siku wageni walipokuja kumposa Tunu, mama alimdondoshea mchuzi wa kuku. Tunu akalamba.

"Chumvi sawasawa, mama. Leo umepatia."

Mwanaheri aligeuka kuchukua bakuli. Pakiti ya chumvi, aliyoinunua asubuhi baada ya ile ya zamani kuisha, ilikuwa rafuni, haijafunguliwa. Akalitazama gauni jipya la bintiye, lile aliloambiwa ni la kuazima.

Aliikata pakiti kwa meno, akamimina chumvi kwa kukisia, akakoroga.

"Pakua," alisema. "Wageni wana njaa."