Masikio ya Mama

"Unasemaje, baba?" mama aliuliza kwa mara ya tatu, mkono nyuma ya sikio.

"Inuka, zamu yetu!" fundi wa mabango alimjibu mama yake, akawageukia waliokaa kwenye benchi la hospitali. "Masikio hana, macho hana. Kilichobaki ni mdomo wa kula."

"Eti?" akauliza mzee mmoja.

Naye kiziwi. Siku hizi fundi alizungukwa na mabwege watupu. Wateja walirudisha mabango, eti herufi zinaanza kubwa halafu zinasinyaa. Majirani walimuuliza amenuna nini, naye hajanuna. Lakini leo angalau moja litakwisha: daktari akisema tu kwamba bibi kizee akili zimemruka, kesho anahamishiwa kwa dada yake, chumba kinabaki wazi. Tena mama mwenyewe alikubali upesi, akachagua hata daktari. Mjinga hajui anakopelekwa.

Ndani, daktari alisimama nyuma ya mama akanong'ona, "Umekunywa nini asubuhi?"

"Uji. Hauna sukari, mwanangu mbahili."

Daktari akacheka. "Unasahau?"

"Nasahau miwani nimeweka wapi. Nikitulia, nakumbuka iko kichwani."

Fundi akasonya. Kabahatisha huyo. "Daktari, huyu hasikii kabisa!"

"Samahani, umesemaje?"

Loo! Siku hizi hata viziwi wanapewa udaktari.

"Hebu niandikie hapa matatizo yake," daktari akamwambia.

Fundi akaandika mstari mzima, kwa mwandiko uliomlisha miaka yote. Daktari akaisogeza karatasi mpaka karibu na pua. Na macho pia hana! Wamepatana, yeye na mgonjwa wake.

"Nifungie na mlango, kaka."

Sasa amemfanya mtumishi wake. Fundi alikwenda kuufunga, mkono mmoja umeganda ubavuni, kandambili ikiburura sakafu. Aliporudi, daktari bado alikuwa amemkodolea macho kuanzia unyayo hadi utosi. Hajawahi kuona mwanamume, maskini.

"Haya, sema," fundi akamhimiza. "Mama ana nini?"

Daktari alivuta kiti, akakaa karibu na mama, akamshika mkono.

"Wewe ni umri tu, mama," alisema. "Umefanya vizuri kumleta mwanao mapema."