Tairi Lililoshonwa

Nakiete alishuka kwenye baiskeli akainama. Mstari wa tairi ulipita kwenye changarawe iliyolowa ya njia ya msituni, na kila baada ya mita mbili palikuwa na alama ya mshono. Ndivyo alivyolishona yeye mwenyewe tairi la baiskeli ya mumewe, aliyepotea miaka mitatu iliyopita.

"Mishono ya matairi yote hufanana, shemeji," alisema Mbonea, mdogo wa mumewe. "Na kesho unaolewa. Watu wameshaanza kupika! Turudi."

"Mvua ilikatika saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Basi amepita leo."

Waliufuata mstari mpaka ukaingia mtoni. Mbonea alibaki ukingoni. Nakiete alijitwisha baiskeli begani, akavuka.

Ng'ambo mstari uliendelea, ila sasa ulikuwa umezama zaidi, kama wa baiskeli iliyobeba mtu nyuma.