Chupa ya Rozela

Bi Somoe hakutaka makuu. Alitaka dawa imfikishe siku ya kumpakata mjukuu aliyekuwa tumboni mwa Mkasi, mke wa mwanawe. Saratani ya utumbo ilikwisha kupanda hadi kwenye ini, na daktari alisema damu ndiyo itakayoonyesha kama dawa bado itafaa. Basi kila asubuhi Mkasi alimchemshia maua mekundu ya rozela, akayatia maji yake chupani na kumnywesha ili damu iwe nyekundu.

"Kunywa, mama. Leo hata daktari ataionea wivu damu yako."

"Asije akaninyonya yote," Bi Somoe alicheka.

Majibu ya damu yalipotoka hospitalini, daktari alimwita Mkasi peke yake, kama ilivyo desturi, mgonjwa asivunjike moyo. Bi Somoe alibaki kwenye benchi. Dirishani alimwona mkwewe akitoka kwa mlango wa nyuma, akiifungua chupa na kuimwaga rozela yote mtaroni, pole pole, kisha akinawa uso.

Mkasi alirudi na chupa tupu, ameifuta vizuri.

"Damu yako nzuri, mama. Daktari kaisifu."

Bi Somoe alimshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Basi kesho unizidishie sukari kidogo," alisema.

Nje, inzi walikuwa wameshaanza kutua kwenye ule wekundu.