Ruhusa ya Kubisha Hodi

Zama hizo mtu hakuruhusiwa kubisha hodi kwa mwenzake, isipokuwa mfamasia anayempelekea mgonjwa dawa. Ndiyo maana Salhina akasomea famasia, apate kumwona bibi yake, Bi Mwanahawa, aliyeishi peke yake.

"Bibi, kifua kimepona," alisema siku ile. "Nikiripoti hivyo, sirudi tena."

"Ripoti tumbo, mke mwenzangu."

"Itabidi umeze dawa mbele yangu. Kali, na wewe huumwi!"

"Nizungumze na masufuria mpaka lini? Lete."

Salhina akampa kidonge. Mgonjwa akishameza, mfamasia huondoka. Bi Mwanahawa akakibana chini ya ulimi, kichungu kama shubiri, akamwashiria mjukuu wake aketi.