Sauti Mwishoni mwa Muziki

Nilikuwa chini ya gari la mteja, hapa gereji mtaani Buyenzi, redio yake ikaanza kupiga muziki wa disko niliotengeneza mwenyewe zamani kwa kompyuta mbovu.

“Siku hizi Ulaya wanaucheza sana,” mteja alisema. “Lakini mutu mwenye aliutengeneza, hakuna mwenye anamujua.”

Nikatoka, mikono imejaa oili. Sikujitaja. Nilikuwa nangoja mwisho wa muziki, pale marehemu mke wangu Assia alipofungua mlango nikirekodi, akanigombeza: “Zima, wanaadhini!” Sauti yake ikabaki humo.

Mara msikiti ukaadhini kweli. Mteja, kwa heshima, akanyoosha mkono azime.

Nikamshika. Oili ikachafua shati lake jeupe.

“Apana zima, ndugu yangu,” nilisema. “Assia bado hajasema.”