Hiliki Ukingoni

Kabla ya kumpikia mtu aliyekamatwa, kikundi cha haki cha akina Zamaradi humuuliza mama yake swali moja: mwanao akila, hubakiza nini? Mama yake Ngwali alisema mwanawe hubagua hiliki kwenye pilau na kuzipanga ukingoni, tangu utotoni. Basi Zamaradi akapika pilau, akazidisha hiliki, akaipeleka kituoni pamoja na mama huyo.

“Ngwali hatunaye,” inspekta alisema akiipokea hotipoti. “Ila vijana wangu wana njaa.”

Zamaradi akangoja kwenye kaunta. Askari wangekula wao, hiliki zingetafunwa au kutemwa ovyo. Na kama Ngwali hakuwa humu, walikuwa wamempeleka wapi?

Hotipoti ikarudi, nyepesi.

“Pilau tamu, dada,” inspekta alisema. “Sasa tuongee. Jana ulitangaza sokoni kwamba tumemficha mtu. Rudi palepale uombe radhi, useme ulidanganya. La sivyo, leo unalala humu.”

Zamaradi akainua kifuniko kidogo tu, kama anayechungulia wali jikoni. Hiliki zilikuwa zimejipanga ukingoni, nzima, na ile ya mwisho ilikuwa na damu.

Akafunga upesi. Mama yake Ngwali alikuwa kwenye benchi nyuma yake, mikono mapajani. Zamaradi akampakatisha hotipoti.

“Shika, mama. Kaifungulie nyumbani.”

Alipohakikisha mama yule ameshavuka geti, akamgeukia inspekta.

“Siombi radhi,” akasema.